Mchanga Kabla ya Mama

Siku ninayoikumbuka kuliko zote, mwanangu, ilianza nikicheka. Nilikuwa nimemaliza wiki mbili tu tangu nirudi Malaba kutoka ng'ambo, nikiwa na diploma ya ujenzi wa barabara, na hakuna mtu wa upande wetu aliyeipata kabla yangu. Sikusomeshwa na mjomba wala mheshimiwa yeyote. Nilijisomesha kwa miguu hii unayoiona, mwanzoni mwa miaka ya sabini, nikibeba watu kwa baiskeli kutoka kizuizi cha Kenya hadi kile cha Uganda. Magari yalikuwa yakiwashusha abiria upande huu, nao walilazimika kuvuka kile kipande cha katikati na mizigo yao. Sisi tulisimama pale tukiita "boda, boda!" na mimi ndiye niliyefika ng'ambo ya pili kabla ya wengine. Nalisema bila aibu kwa sababu ni kweli. Wapo wazee wachache waliobaki, waulize.

Kisha nikaenda masomoni miaka minne, na hiyo miaka minne nilikuwa nimekaa. Nilikaa darasani, nikakaa kwenye treni, nikala viazi na siagi mpaka shingo ikajaa kola. Baiskeli yangu ilibaki kwa mama, imefunikwa gunia, naye aliipaka mafuta kila Jumamosi ili isishike kutu. Mapaja yangu hakuna aliyeyapaka kitu.

Asubuhi hiyo jirani mmoja alikuja kutoka Adungosi na habari kwamba mama mdogo Amoit, ndugu wa pekee wa mama yangu, amezidiwa na anamwita dada yake. Mama hakulia. Alijifunga leso, akachukua kikapu, akaja moja kwa moja hadi pale kizuizini nilipokuwa nimeegemea baiskeli yangu nikiwasimulia wenzangu wa zamani mambo ya ng'ambo. Gari la upande ule lilikuwa limeshaondoka, na lingine halikutarajiwa hadi jioni.

Mkubwa wa waendesha baiskeli alikuwa Mzee Wandera, Msamia mwembamba aliyeanza kubeba watu kabla yangu. Palikuwa na desturi moja pale ambayo yeye ndiye aliyeilinda. Mtu aliyekaa nje muda mrefu, awe alikuwa mgonjwa, jela au shambani, habebi abiria mpaka kwanza abebe gunia la mchanga kwenye keria, kwenda na kurudi, siku nyingi, bila kuweka mguu chini njiani. Hakuna aliyesamehewa. Wandera mwenyewe aliwahi kubeba mchanga karibu mwezi mzima baada ya kuugua, na watu wakamwona.

Akasema mama apande kwake, mimi nifuate na kikapu. Wenzangu wakaangua kicheko. Mmoja akauliza, "Bosi, hiyo diploma iko na mapaja kweli?" Mwingine akanishauri nivue tai kwanza isije ikaingia kwenye mnyororo.

Maneno hayo yalinichoma. Nikamwambia Wandera, "Mzee, mchanga ni wa wale wasiojua. Mimi milima nimeisomea. Naweza kukuambia mwinuko wa barabara hii kwa kuutazama tu."

"Umeisomea ukiwa umekaa," akasema. "Mpe mama baiskeli ya mtu aliyekula barabara mwaka huu."

Mama alitutazama sote wawili. Alikuwa amengoja miaka minne kuonekana barabarani akiwa nyuma ya mwanawe. Akapanda kwangu, ubavu, kama wanawake walivyokaa, akanishika mkanda wa suruali.

Mwanzo ulikuwa mtamu. Nilipiga kengele, nikasalimia watu kwa majina, nikamweleza mama jinsi barabara ile inavyopaswa kuchimbiwa mitaro. Kuendesha sikuwa nimesahau hata kidogo, na hapo ndipo nilipodanganyika. Mizani ilikuwepo, mikono ilijua kona. Lakini tulipofika mbali kidogo, pumzi ikawa fupi, na moto ukaanza juu ya magoti. Nikaacha habari za mitaro. Mama akaniuliza kama nimechoka, nikasema hapana.

Baada ya kuvuka kijito kuna mlima. Kila mwendesha baiskeli mwenye akili hushuka pale na kusukuma, hata aliye na nguvu. Lakini kando ya barabara walikuwepo watu wakipalilia, wakanitambua, wakainua majembe kunisalimu. Nikasimama juu ya pedali. Karibu na kilele paja la kulia likakaza kama kamba iliyolowa, nikataka kuweka mguu chini, mguu ukakuta kokoto. Tukaangukia upande aliokalia mama.

Alipapasa mavumbini akitafuta kikapu chake. Kisha akasema, "Nisimamishe, baba, twende. Amoit ananingoja." Nikamshika mikono. Hakusimama.

Watu wale wa majembe ndio waliotafuta mkokoteni wa ng'ombe ukampeleka zahanati, na huko wakasema ni nyonga iliyovunjika. Mimi nilitembea nyuma ya mkokoteni nikisukuma baiskeli ambayo haikuwa imevunjika hata spoki moja. Mama mdogo Amoit alifariki siku hiyohiyo, kabla ya jua kuzama. Waliokuwepo walisema kila mbwa alipobweka aligeuza macho mlangoni. Siku ya mazishi mama alikuwa kitandani. Nilikwenda peke yangu, kwa miguu, na kila aliyeniuliza dada wa marehemu yuko wapi ilibidi nimjibu.

Wandera alikuja kumwona mgonjwa. Nilitegemea anipigie kelele, na ningefurahi. Alimsalimia mama, akatoka nje nilipokuwa, akasema taratibu, "Diploma yako ni yako, hakuna atakayekunyang'anya. Lakini mama hukumbeba kwa kichwa." Akaenda zake.

Miezi ikapita. Mama akaanza kutembea kwa fimbo, kutoka kitandani hadi mlangoni, kisha hadi jikoni. Siku moja akaniambia anataka kuliona kaburi la Amoit. Nikasema nitamwomba Mzee Wandera ampeleke.

"Utanipeleka wewe," akasema. "Nitangoja."

Basi nikaenda kwa Wandera kuomba mchanga. Hakucheka, na wenzangu pia hawakucheka. Wiki ya kwanza hakunipa hata gunia. Nilizunguka na baiskeli tupu asubuhi na jioni, kila siku ya tatu nikapumzika kwa amri yake, ingawa mimi nilitaka kukimbiza. Makalio yalitoka malengelenge, viganja vikachubuka, usiku nilikanda mapaja kwa maji ya moto na chumvi. Kisha ikaja nusu gunia. Nikaweka mguu chini mara tatu siku ya kwanza, mara mbili siku ya pili. Siku nilipolazimisha mwendo wangu wa zamani, goti lilivimba, nikarudishwa kwenye baiskeli tupu kama mtu anayeanza darasa la kwanza. Mimi, ambaye leo barabara kadhaa za wilaya hii nimezipima kwa mkono wangu! Nikirudi nyumbani namkuta mama naye uani, anahesabu hatua zake na fimbo. Kila mtu alikuwa na kazi yake, na yeye alikuwa na subira kunishinda.

Siku nilipomaliza kwenda na kurudi na gunia zima bila kuweka mguu chini, Wandera alilifungua akamwaga mchanga barabarani, akaondoka.

Nikampeleka mama Adungosi. Mlimani nilishuka nikasukuma, naye akiwa amekaa juu. Kaburi lilikuwa limeshaota nyasi. Nilimsaidia kuketi, nikasogea kando, lakini nilimsikia.

"Amoit," akasema, "nimechelewa. Nilikuwa njiani."

Hakunitaja. Hata mbele ya marehemu hakunitaja.

Kwa hiyo, mwanangu, wewe uliyetoka hospitalini, au uliyerudi kutoka masomo marefu kama mimi, sikiliza. Ukiacha kazi ya mwili kwa muda mrefu, utakaporudi kichwa kitakuambia hujasahau, nacho kitakuwa kinasema kweli, ila nguvu hazimo. Anza na kidogo kinachokutia aibu. Pumzika siku unayoambiwa upumzike. Usiutafute mwendo wako wa zamani mbele ya watu. Na usipime nguvu zako kwa mtu anayekupenda, kwa sababu atapanda tu, hata akijua huwezi. Yeye hatakukatalia. Ni wewe unayepaswa kusema, "Mama, leo panda kwa mwingine." Sentensi hiyo ningeisema, Amoit angemwona dada yake, na mama asingetembea kwa fimbo hadi mwisho wa maisha yake.

Mungu akurudishie nguvu zako pole pole, na akujalie moyo wa kuzingoja. Na wale utakaowabeba wafike wazima, wafike mapema.