Mama na picha ya rangi tupu

Leo nilitamani ardhi inimeze.

Nilimpeleka mama kwenye maonyesho ya picha za Ukreni, hapa mtaani kwetu, Ghubra. Mbele ya picha ya rangi tupu akasema kwa sauti, "Hii hata mimi nnaweza."

Mwenye picha, mwanamke wa Kyiv, akaniuliza kwa Kiingereza mama kasema nini.

Nikamwambia kweli. (Macho chini.)

Akatabasamu. "Kaichora baba yangu. Enzi za Wasovieti picha kama hizi zilikatazwa. Aliificha chini ya kitanda mpaka tukapata uhuru."

Nikamfasiria mama. Akasema, "Mwambie anisamehe. Na ahsante kwa kutuletea."

Yule mwanamke akamletea kiti. Mama kaitazama picha ile nusu saa nzima.

Alhamdulillahi, sikudanganya. Wewe ungefasiri?