Mkono wa Kushoto wa Fundi Saa

Fundi saa alikuwa na mkono wa kulia wenye adabu: uliweza kushika skrubu ndogo kuliko chawa bila kutetemeka. Wa kushoto, mwenyewe alizoea kuutania kwamba ulizaliwa kumsindikiza mwenzake. Ila mbele ya karai, yote miwili ilikuwa bure kabisa. Tangu mkewe afariki, kabichi yake ilitoka ama mbichi ama makaa, na bintiye wa miaka mitano hakuigusa. Mtoto aliishi kwa vijiko viwili vya uji kwa siku, amebaki macho tu. Shemeji yake, dada wa marehemu, alishasema hana mchezo: mtoto asipokula hadi Jumamosi, anamchukua.

Jumamosi ndiyo hiyo, saa saba mchana. Fundi alikata kabichi na karoti, akabandika karai, akamimina mafuta. Alipogeuka kutafuta bizari nyembamba, mkono wake wa kushoto ulikuwa umeshaichota.

Akautazama. Ulikuwa wake, na kovu lake la bisibisi. Ukatupia bizari kwenye mafuta, ukangoja harufu ipande, ukatia kitunguu saumu, halafu mboga, ukawa unageuza chapuchapu, mwiko ukigonga ukingo wa karai. Marehemu ndiye aliyekuwa mashoto. Fundi aliingiwa na hofu. Alitaka kuunyang'anya mwiko kwa mkono wa kulia, asithubutu. Dakika nne hazikufika, mkono ukazima jiko.

Mtoto alikuja bila kuitwa. Akala, akala, hadi akapangusa sahani kwa kidole. Shemeji, aliyekuwa amefika na begi la kumchukulia nguo, akakaa chini bila kukaribishwa.

“Baba,” mtoto akasema, “mwambie mama nimeshiba.”

Shemeji akaziba mdomo kwa kanga. Fundi alijua, Mungu ndiye anayejua alijuaje, kwamba akilitamka hilo atakuwa amempa mkewe ruhusa ya kwenda. Roho ilimuuma. Alitamani anyamaze, abaki naye humo jikoni hata kama ni kwa kutishwa kila siku. Lakini mtoto alikuwa anangoja. Akageuka kulielekea jiko.

“Ameshiba, mke wangu. Amemaliza yote.”

Mkono wa kushoto ukalegea, ukamwangukia pajani.

Jumapili kabichi iliungua. Mtoto akaila hivyohivyo.