Mama Mkwe na Binti wa Kasino

Jamani, hii habari nimeikalia muda mrefu maana aibu yake si ile ya kuteleza kwenye matope watu wakacheka ukanyanyuka ukaenda zako, ni aibu ya kuumbuliwa na simu mbele ya wakwe, tena simu yenyewe ikiwa na adabu kuliko mimi.

Mimi ni mwalimu wa jiografia, nimeoa Mluguru wa Kinole kule milimani, Zuhura, na tunaishi hapa mjini Mafiga na binti yetu Salma. Mwaka jana nikaanza kucheza kasino ya kwenye simu, ile ya kuzungusha matunda, ndizi zikijipanga mstari mmoja umekula. Sasa kasino yenyewe ilikuwa na akili mnemba, inakusoma unapenda nini, inakuita kwa jina kwa sauti ya kike laini kabisa (mke wangu mwenyewe haniiti hivyo tangu Salma azaliwe), na siku ya kwanza iliniuliza napenda kucheza nikiwa wapi, nami kwa ujinga wangu nikajibu ukweli: chooni. Kwani wapi pengine ambapo mtu mwenye familia haulizwi anafanya nini?

Nikawa nakaa humo mpaka miguu inakufa ganzi, na Zuhura akaamini nina tumbo. Akanichemshia majani ya mpera, mama yake akaniletea mizizi michungu kutoka milimani, nikanywa vyote. Ningesema nini?

Halafu siku moja ile sauti ikaniambia, "Rajabu, nataka ufurahie mchezo kwa kiasi. Nipe namba ya mtu wako wa karibu, nimjulishe ukizidisha." Bila namba mchezo hauendelei, na mimi ndizi zilikuwa zimeanza kujipanga! Nikafikiri haraka: nani hapatikani kamwe? Mama mkwe! Kinole kwake mpaka apande kilimani ndiyo simu ishike mtandao. Nikaandika namba yake, nikabonyeza nakubali, nakubali, nakubali, bila kusoma hata mstari mmoja. Nilichosahau ni kwamba kule walikuwa wameshawashiwa mnara mpya.

Jumapili moja mchana nimekaa uani nasahihisha mitihani, geti likagongwa, akaingia mama mkwe na kaka yake, Mjomba Kibwana, na kwa Waluguru mjomba ndiye mwenye kauli ya ukoo, akishuka mlimani kwa ajili yako ujue mambo yameharibika. Nikaamkia, wakaitikia kwa mbali. Zuhura akatandika mkeka. Jirani yetu Mama Happy, aliyekuwa anaanua nguo upande wa pili wa ukuta, ghafla akaanza kuzianua polepole sana.

"Mwalimu," Mjomba akaanza, "hatujaja kugombana. Tumekuja kumjua huyo binti."

"Binti gani, Mjomba?"

"Anayempigia dada yangu simu."

Mama mkwe akashusha pumzi. "Siwezi kumsingizia, ana adabu. Kaniamkia vizuri. Kasema, 'Rajabu amecheza na mimi tangu asubuhi, nina wasiwasi naye, naomba uzungumze naye kwa upole.'"

Zuhura akashika mdomo, machozi yakaanza kumtoka, na hapo ndipo nilipoelewa binti mwenyewe ni nani. Njia zilikuwa mbili tu: nikubali nina nyumba ndogo, au nikubali nacheza kamari mbele ya mama mkwe, mjane wa mwalimu wa madrasa. Na Mungu anisamehe, nilianza kupima ipi ina nafuu.

"Haya, kama hasemi nampigia mwenyewe," mama mkwe akasema, akaweka simu mkekani, sauti nje.

"Shikamoo Mama," ile sauti ikaitika, tamu kama kawaida.

"Marahaba mwanangu. Nina mkwe wangu hapa. Hebu niambie, huwa mnakutana wapi?"

"Rajabu hupenda kucheza akiwa chooni, Mama. Asubuhi kabla ya kazi, na Ijumaa mchana."

Ijumaa mchana! Mjomba Kibwana akageuka kuniangalia taratibu, maana Ijumaa mchana kila mtu anajua mimi niko msikitini.

"Na mnacheza nini huko chooni?"

"Mchezo wa kasino anaoupenda zaidi ni Ndizi za Bahati."

"Kamari!" Mama Happy akapiga kelele kutoka ng'ambo ya ukuta, akasahau kabisa kwamba alikuwa anaanua nguo.

Zuhura akafuta machozi. "Kwa hiyo, Baba Salma, hakuna mwanamke?"

"Hakuna. Ni mashine."

"Na tumbo?"

"Tumbo ni zima."

Akacheka mpaka akakaa chini, kisha akamgeukia mama yake. "Mama," akasema, "mwambie amfungie."

"Nimesikia," ile sauti ikajibu. "Lakini kufunga akaunti nahitaji kumsikia Rajabu mwenyewe."

Nikainama kwenye simu, nikanong'ona, "Naomba nifungiwe kucheza kamari."

"Samahani, Rajabu, sijakusikia vizuri. Tafadhali sema kwa sauti zaidi."

Nikarudia. Haikusikia. Mjomba akasema, "Paza, Mwalimu, darasani si unapaza?" Basi nikapaza, jamani, nikapiga ukelele, "MIMI RAJABU NAOMBA NIFUNGIWE KUCHEZA KAMARI!" na ukutani kwa Mama Happy watu wakapiga makofi. Kugeuka, getini wamesimama wanafunzi wangu wa kidato cha pili waliokuja kuulizia matokeo.

"Hongera, Rajabu," ile sauti ikasema. "Umefanya uamuzi mzuri."

Tangu siku hiyo sijagusa kasino na sitagusa, na sasa hivi kitu chochote kikiniambia nibonyeze nakubali nasoma mpaka nukta ya mwisho, hata kama nyuma yangu kuna foleni. Kumbe ile mashine ilifanya kazi yake vizuri kabisa, mimi ndiye niliyedhani nimeizidi ujanja.

Tatizo ni kwamba bado inampigia mama mkwe mara moja moja kumjulia hali, na wamezoeana. Juzi Zuhura akamuuliza huwa wanaongea nini.

"Ananiuliza kama mkwe wangu amepona," mama akasema. "Namwambia, bado tunamwangalia."