Mluzi wa Stoo

Tangu daktari aondoke, stoo ya nyuma imekuwa kimya, na mkewe bado hujikuta akitega sikio. Humo ndimo mumewe alimowashona wapiganaji wa uhuru, walioingizwa kwa mlango wa uani, huku akiwapigia mluzi mwororo, wimbo baada ya wimbo. Mezani na mkewe alikula kimya, akakunja kitambaa mara nne kwa vidole vyake virefu, akasema "ahsante" kama mgeni. Wivu ulimtafuna mama wa watu. Heri mke mwenza, angalau angekuwa mmoja. Siku moja kisu kilimteleza, au alikiacha kiteleze, akaingia stoo kiganja kikichuruzika damu. Daktari alimchoma sindano ya ganzi, akamshona nyuzi tano bila kutoa sauti.

"Na mimi mluzi wangu uko wapi, baba watoto?"

"Ule ni wa wanaoshonwa bila ganzi, mama. Hii chupa ya mwisho nilikuwekea wewe."

Alijua anapaswa kufurahi, lakini alichotaka ni mluzi. Sasa daktari amelala kwenye makaburi ya wapiganaji, safu ya tatu, kati ya wawili aliowashona, na wake zao hawazikwi pale.