Kumsomea Baba Mkwe Vita vya Amerika

Mwaka wa pili tangu tufike Matrah, kule Omani, baba mkwe wangu alipigwa na kiharusi wakati anatia udhu. Upande wa kulia wote ukafa. Ulimi ulimrudi baada ya miezi, mzito lakini unafahamika, na kitu cha kwanza alichoniomba hakikuwa chakula. "Mwanangu," alinambia, "nisomee."

Unguja alikuwa mwalimu wa historia, tena wa kuogopwa. Tulipohama baada ya mapinduzi alikuja na nguo chache na kitabu kimoja cha Kiingereza alichokuwa akisomeshea madarasa ya juu. Mume wangu alikuwa akifanya kazi kambi ya mafuta na kurudi Ijumaa tu. Shemeji yangu mkubwa, aliyekuwa akikaa nasi, alishinda sokoni katika duka la watu. Kwa hivyo wa kusoma nilikuwa mimi.

Siku zangu zilianza na kumgeuza kitandani asifanye vidonda. Halafu nimsubiri mwenye punda alete viriba vya maji, na mara nyingi alichelewa. Halafu mashuka, watoto, wali. Baada ya adhuhuri, joto limejaa chumbani na macho yanajifumba yenyewe, ndipo baba aliponiita.

Sura aliyoitaka ilikuwa moja tu: namna walowezi wa Kiingereza kule Amerika walivyogombana na mfalme wao mpaka wakafika vitani. Nilikuwa nikimsomea Kiingereza na yeye akinisimamisha kwa Kiswahili. Nilisoma kwamba mfalme alikuwa na madeni ya vita, akawatoza kodi ya stempu juu ya magazeti na hati zao bila ya kuwauliza. Watu wakafanya fujo, wakagoma kununua bidhaa, na kodi ikafutwa.

"Simama hapo," akasema. "Hapo mambo yalikuwa yashatulia, au siyo?"

"Ndiyo, baba. Lakini watawala wakaja na kodi nyengine."

"Kwa nini?"

"Kitabu kinasema walitaka kuonyesha kuwa haki ya kutoza ni yao."

Akataka nianze tena. Kesho yake tukafika kwenye askari waliopiga risasi umati wa mjini. Akasema hata hapo ingewezekana kuzuia. Siku nyengine ilikuwa chai iliyomwagwa bandarini, na bandari kufungwa kwa adhabu, na watu wa miji mingine kuanza kuwahurumia wale waliofungiwa. Kila tukikaribia risasi za mwanzo za vita ananirudisha kwenye stempu. Alikuwa akitafuta mahali ambapo vita vingeweza kuzuiwa. Nilimfahamu, lakini nilikuwa nimechoka, na nilitamani sura ile iishe nikalale.

Siku moja shemeji alirudi mapema na homa, akatusikia kutoka ukumbini. Yeye alifungwa Unguja wakati wa yale mapinduzi, na duka lake lilipotea na kila kilichokuwamo.

"Baba," alisema, "hao walowezi wanatuhusu nini? Sisi hatukumwaga chai ya mtu."

"Nnataka kujua ilianzia wapi."

"Ilianza kwetu walipokuja na mapanga."

"Hapana," baba akasema. "Hiyo ndiyo siku uliyoiona wewe. Mimi nimesomesha sura hii miaka na miaka. Swali la mtihani lilikuwa, eleza sababu za vita. Watoto wakinijibu vizuri, na wengine wakitoka mashamba kwa miguu na daftari zao, wazee wao wanalima ardhi ya watu kama sisi. Nikiwapa alama. Hata siku moja sikuwauliza wao wana uchungu gani."

Shemeji alijilaza ukumbini akajifunika uso kwa kilemba.

Baba akanigeukia. "Leo soma mpaka mwisho."

Nikasoma. Nikapita kijiji kile ambapo risasi za mwanzo zilipigwa alfajiri. Nikapita barua ya mwisho ya suluhu ambayo mfalme hakutaka kuipokea, na tangazo la uhuru, na askari waliotembea juu ya theluji hawana viatu. Hakunisimamisha hata mara moja. Nilipomaliza aliuliza: "Na wale waliokuwa upande wa mfalme, walifanywaje?"

Nikatafuta kwa kidole. "Kinasema maelfu kwa maelfu waliacha mali zao, wakapanda meli wakaenda nchi nyengine."

"Halafu?"

"Basi. Mstari mmoja tu."

"Nnaukumbuka," akasema. "Nilikuwa nnauruka. Hauji katika mtihani."

Akaniuliza huko walikokwenda walipata nyumba? Watu wa huko waliwapokea? Nikamwambia sijui, baba, kitabu hakikusema. Alifumba macho na machozi yakamtoka upande mmoja, ule uliokuwa mzima. Nikamfuta, nikaenda kutazama wali.

Hakuniomba tena kusoma. Alitaka awekwe karibu na mlango, awasikie wapita njia, na kwa Kiarabu chake cha kigeni akawa anamuuliza mwenye punda khabari za watoto wake. Aliishi hivyo muda, kisha akafa usingizini kabla ya mwaka wa sabini, mwaka ambao utawala ulibadilika na skuli zikaanza kufunguliwa.

Watu wa mtaa walikuja kutupa mkono wa pole, wengi wao hatukuwajua hata majina. Mwenye punda alileta maji ya kumuoshea na hakutaka malipo. Mume wangu alisimama mlangoni akiwajibu kwa Kiarabu cha kukatikakatika, na wao wakimsubiri amalize. Wageni walipoondoka niliosha masufuria, nikawalaza watoto, nikakaa juu ya kitanda kitupu cha baba. Sikulia siku ile. Nililala mpaka asubuhi, usingizi wa mwanzo wa kutosha tangu tuhamie.