Mpini wa Njano

Vidole viwili vya mwisho vya mkono wa kulia wa Mama havikukunjika tena baada ya kuungua kwa mafuta. Alikuwa na mgahawa mdogo Kashojwa, ndani ya kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, na tangu ajali hiyo baba mdogo ndiye aliyekata nyama. Alikata vibaya. Vipande vya mifupa vilielea kwenye mchuzi, maini yakaishia kwa rafiki zake. Mwezi wa tatu baada ya ajali akaanza kusema "mgahawa wangu". Mama akanitumia ujumbe chuoni Mbarara: nitafutie kisu cha bucha, cha kazi kabisa, nikate mwenyewe.

Sikuamini kwamba kisu kingebadili chochote. Nilienda tu dukani. Mwenye duka alinipa chenye mpini wa mbao uliong'arishwa.

"Hii ya bucha kabisa."

"Bucha gani?"

"Bucha yote, ssebo. Wewe nauliza kama polisi."

Nilifunga vidole vyangu viwili kwa leso, vikae kama vya Mama, nikakishika. Kilitulia. Nilipotaka kulipa nikajiuliza: lini Mama amekata nyama kwa mkono mkavu? Nikaacha kitambulisho changu cha chuo kama dhamana, nikakipeleka kisu bucha ya jirani. Muuza nyama alinipa kipande cha shahamu nipake kiganjani. Mpini ukazunguka, nusura nijikate. Akaniazima chake, cha plastiki ya njano, kinene, chenye mikwaruzo kama ulimi wa ng'ombe. Hakikusogea.

"Sura yake mbaya," alisema, "lakini haikimbii mutu."

Dukani cha aina hiyo kilikuwa chini ya sanduku, kimejaa vumbi. Nikanunua hicho.

Jumamosi, Kashojwa, baba mdogo alikigeuzageuza.

"Kwa chuo banakufundisha kuchagua rangi ya ndizi?"

Mama alikuwa ametoka kukaanga, mkono bado una mafuta. Alikichukua, akavuta paja la mbuzi. Alikata polepole kuliko zamani, akitafuta kiungo kwa ncha. Wakati mmoja kisu kilikwama, naye baba mdogo akanyoosha mkono.

"Acha, shemeji," Mama alisema. "Kuni zimeisha. Enda utafute zingine."

Baba mdogo alitazama kiungo kikiachana bila mfupa kupasuka. Kisha akaenda. Bado sijui kama kilichomwondoa kilikuwa kisu au ile sauti ya Mama.

Maini Mama aliyakatakata, akayatia kwenye sufuria ya wateja pamoja na nyama nyingine.