Chai Iliyomwagika Mankhool

Kila ninaposikia harufu ya plastiki ya moto, kitambulisho kikifunikwa mashineni, namkumbuka mama na blauzi yake ya mikono mirefu, vifungo vimefungwa kwenye vifundo vya mikono katika joto lile la Mankhool, Dubai.

Baba ndiye aliyekuwa kafeel, mdhamini wa viza zetu. "Nitawafutia viza!" alisema kila alipompiga mama. Hata nikivunja kikombe tu, nilimuuliza mama kama sasa tutafutiwa.

Siku ile mahakama ilikuwa imeshampa mama talaka. Tukaenda duka la kuchapishia fomu za serikali na kufunika vitambulisho kwa plastiki. Dada wa kaunta, Mzanzibari, akaisoma hati ya talaka, kisha akatusogezea chai ya maziwa.

"Mwaka mzima unakaa, wewe na mwanao, bila ya kafeel."

"Na yeye akisema atanifutia?" mama akauliza.

"Aseme mpaka koo limkauke. Khalas, yamekwisha, dada'angu. Yeye hayumo tena."

Nikaruka kwa furaha, kiwiko kikagonga kikombe, chai ikamwagika juu ya fomu. Nikaganda.

"Mama, atatufutia?"

Mama akafungua vifungo, akakunja mikono ya blauzi hadi viwikoni, alama zote za kipigo nje, akaanza kupangusa meza.

"Nani?" akaniuliza.